Kusugua na Kusuguana: Kazi ya Msuguano katika Mwingiliano wa Maji na Bomba

Mtu akifunga koki kwa ghafla usiku, nyumba ikiwa kimya, huenda akasikia mlio mzito ndani ya ukuta, kama kwamba fundi aliyesahauliwa humo amepiga nyundo mara mbili tatu kisha akaacha. Katika mlio huo mdogo mna mambo mawili yaliyowashughulisha wahandisi tangu karne ya 19. La kwanza ni kwamba maji yanayozuiwa ghafla hupiga. La pili, ambalo halikutazamwa sana hapo mwanzo, ni kwamba mlio hukoma. Wimbi linalozaliwa na koki lingaliweza kwenda na kurudi ndani ya bomba mara nyingi mno lau pasingalikuwa na kitu cha kulichosha. Katika vitu vinavyolichosha, mkubwa ni msuguano. Makala haya yakusudia kueleza kazi ya msuguano katika mwingiliano wa maji na bomba, na kuonyesha kwamba neno lenyewe la Kiswahili, likichunguzwa kwa makini, limebeba maana ambayo hesabu za wahandisi zilichukua muda mrefu kuifikia.

I. Pigo la maji

Jambo linalotokea koki ifungwapo ghafla lina majina mengi. Waingereza huliita nyundo ya maji. Wajerumani husema pigo la maji. Wafaransa na Waitaliano, wakikumbuka gogo la zamani la kubomolea ngome, huliita pigo la kondoo dume. Hapa litatumika jina la pigo la maji, maana linaeleza tendo wala halihitaji mfano.

Kanuni yake ya msingi ilithibitishwa na Nikolai Joukowsky, mtaalamu wa Kirusi, kwa majaribio aliyoyafanya Moscow mwaka 1897 na kuyatangaza mwaka 1898. Alitumia mabomba ya kipenyo cha inchi 2, 4 na 6, akaonyesha kwamba shinikizo linaloongezeka ni sawa na densiti ya maji, mara kasi ya wimbi, mara kiasi cha kasi ya mtiririko kilichopotea. Kabla yake, mwaka 1878, Mholanzi D. J. Korteweg alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba kasi ya wimbi hilo haitegemei maji peke yake. Ukuta wa bomba nao hutanuka shinikizo linapopita, na kadiri ukuta ulivyo mwembamba au laini ndivyo wimbi linavyopungua mwendo.

Mfano mmoja wa kukisia utasaidia, nao utatumika mpaka mwisho. Na lichukuliwe bomba la chuma cha pua cha kawaida cha viwandani, lenye kipenyo cha ndani cha milimita 500, unene wa ukuta wa milimita 10, na urefu wa kilomita 1. Maji yapita humo kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu atembeaye pole pole. Katika maji yasiyozungukwa na kitu wimbi la shinikizo lingalikwenda kwa mita 1,480 hivi kwa sekunde; katika bomba hili litakwenda kwa mita 1,190. Vali ya mwisho ikifungwa ghafla, shinikizo litapanda sawa na uzito wa maji yenye kina cha mita 120 hivi. Kani itakayoisukuma vali ni kama newtoni 234,000, yaani uzito wa tani 24 karibu. Haya yote ni kwa sababu ya maji yaliyokuwa yakitembea pole pole.

Kwamba hili si jambo la karatasi tu lilionekana Japani mwaka 1950. Katika kituo cha umeme wa maji cha Oigawa, vali ilijifunga upesi kuliko ilivyopasa, na bomba kubwa la kuteremshia maji likapasuka. Maji yalipotoka kwa nguvu kwenye ufa, shinikizo la sehemu ya juu likashuka mno, hata hewa ya nje ikalifinya bomba likawa bapa. Bomba moja liliharibiwa kwa namna mbili zilizo kinyume, sehemu moja kwa shinikizo kuzidi, na nyingine kwa shinikizo kutoweka.

II. Mafungamano matatu

Katika hesabu za zamani bomba lilihesabiwa kuwa mtaro tu: huweza kutanuka kidogo, lakini halitoki mahali pake. Kwa kweli bomba huvutika, hupindika na hutetema. Na likitetema huyasukuma maji yaliyomo, nayo maji hulirudishia msukumo. Hali hii ya kila kimoja kumjibu mwenzake ndiyo iitwayo mwingiliano wa kioevu na chombo chake. Mwaka 1956 R. Skalak aliipanua nadharia ya pigo la maji kwa kuingiza mawimbi yanayopita katika ukuta wenyewe, na tangu hapo wataalamu wametambua njia tatu ambazo maji na bomba hufungamana.

Ya kwanza ni mafungamano ya kiungo. Hutokea penye kiwiko, penye njia panda, au penye vali isiyoshikizwa. Shinikizo hukisukuma kiwiko, kiwiko husogea, na kwa kusogea hubadili nafasi iliyo na maji, hata shinikizo likabadilika tena.

Ya pili ni mafungamano ya Poisson, yaliyopewa jina la mwanahesabu wa Kifaransa. Mtu akivuta mpira huuona ukiwa mrefu na mwembamba kwa wakati mmoja. Kadhalika bomba likitanuliwa na shinikizo hupungua urefu kidogo, na upungufu huo hukimbia katika chuma kwa kasi ya mita 5,000 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya mara nne ya kasi ya wimbi la maji. Kwa hiyo chuma hupeleka habari kabla ya maji. Chombo cha kupimia kilichowekwa mbali na vali huonyesha kwanza tikisiko dogo la kutangulia, ndipo wimbi kubwa lifike.

Ya tatu ni mafungamano ya msuguano. Maji yapitayo huuburura ukuta uelekee yaendako, nao ukuta huyazuia maji kwa kani iliyo sawa na hiyo, kwa upande wa kinyume. Mafungamano mawili ya kwanza hutaka shinikizo libadilike ndipo yafanye kazi. Haya ya tatu yako siku zote maji yanapotiririka. Hata usiku wa manane, vali zote zikiwa zimetulia, maji yanalivuta bomba.

III. Kani ndogo yenye kazi kubwa

Sheria ya msuguano katika mtiririko uliotulia hujulikana kwa majina ya Weisbach wa Ujerumani na Darcy wa Ufaransa, waliofanya kazi hiyo katikati ya karne ya 19. Mwaka 1883 Osborne Reynolds, huko Manchester, alitia uzi wa rangi katika maji yaliyokuwa yakipita ndani ya bomba la kioo, akabainisha mtiririko wa matabaka, ambamo uzi hubaki umenyooka, na mtiririko wa msukosuko, ambamo uzi huchanganyika na maji yote. Katika ule wa kwanza msuguano hukua sawasawa na kasi. Katika wa pili hukua karibu kwa mraba wa kasi.

Katika bomba la mfano, kigawo cha msuguano kikichukuliwa kuwa 0.02, shinikizo linalopotea katika kilomita nzima ni sawa na maji ya kina cha mita 2 tu. Kani ambayo maji yanaliburura bomba zima ni kama newtoni 4,000, yaani uzito wa kilo 400. Ukilinganisha na zile tani 24 za pigo, msuguano waonekana kuwa kitu cha kupuuzwa. Na kweli, katika sehemu ya kwanza ya sekunde baada ya vali kufungwa, wataalamu wengi huupuuza, wala hawakosei sana. Katika mafungamano yote matatu, haya ndiyo dhaifu.

Lakini udhaifu wa kani si udhaifu wa kazi. Katika bomba hili wimbi hufika mwisho na kurudi kwa sekunde 1.7 hivi, na kila safari msuguano hulitoza ushuru mdogo. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya safari kadhaa ukubwa wa wimbi hutegemea jumla ya ushuru huo kuliko kanuni ya Joukowsky. Mhandisi anayetaka kujua pigo la kwanza aweza kuusahau msuguano. Yule anayetaka kujua kama vali ya pili yaweza kufungwa salama baada ya dakika moja, au kama mitetemo mingi itakichosha chuma kwenye maungio, hawezi kuusahau.

IV. Msuguano wenye kumbukumbu

Hapo ndipo hesabu za zamani zilipoonekana kuwa na kasoro. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba msuguano wa mtiririko unaobadilika ni sawa na ule wa mtiririko uliotulia wenye kasi hiyo hiyo. Matokeo yake, pigo la kwanza lilitoka sawa na vipimo, lakini mapigo ya baadaye yalionekana katika hesabu kuwa makubwa kuliko yalivyopimwa. Kwenye karatasi wimbi liliishi. Kwenye bomba lilikuwa limekwisha kufa.

Sababu ni hii. Maji yaliyo karibu na ukuta huenda pole pole, na yale ya katikati huenda kwa kasi. Wimbi linapokuja na kuyazuia yote kwa kiasi kimoja, maji ya katikati hupunguza mwendo tu, lakini yale ya ukutani, kwa kuwa hayakuwa na mwendo mwingi, hugeuka na kurudi nyuma. Basi kwa muda mfupi yumkini wastani wa maji ukawa unaelekea vali, hali maji yanayougusa ukuta yanaelekea kinyume. Mtu akikadiria msuguano kwa kutazama wastani huo atakosea kiasi chake, na pengine hata upande wake.

Mwaka 1968 W. Zielke alitoa njia ya kuhesabu msuguano huo kwa mtiririko wa matabaka. Katika njia yake, msuguano wa sasa hautegemei kasi ya sasa tu. Hutegemea pia mabadiliko yote ya kasi yaliyotangulia, ya karibuni yakihesabiwa kwa uzito zaidi na ya zamani kwa uzito unaopungua. Baadaye A. E. Vardy na J. M. B. Brown waliipanua njia hiyo ifae kwa mtiririko wa msukosuko. Yaweza kusemwa kwamba msuguano huu una kumbukumbu. Tena huwachosha upesi zaidi wale wenye haraka: mitikisiko ya mara nyingi kwa sekunde, kama ile midogo inayotangulia kwa njia ya chuma, hufifia kabla ya wimbi kubwa la pole pole.

V. Bomba likiwa refu

Yaliyosemwa hapo juu juu ya udhaifu wa msuguano ni ya bomba la kilomita 1. Bomba hilo hilo likiwa na urefu wa kilomita 100, na kasi ikiwa ile ile, msuguano hula shinikizo la maji ya kina cha mita 200 na zaidi, na pigo la vali hubaki mita 120 kama kwanza. Hapo mdogo amekuwa mkubwa.

Vali ya mwisho ikifungwa, shinikizo hapo hupanda ghafla kwa kiasi cha pigo, kisha huendelea kupanda pole pole. Wimbi linapokwea kuelekea mwanzo wa bomba hudhoofika njiani, likashindwa kuyasimamisha maji kabisa. Maji yanayobaki nyuma yake huendelea kujongea, yakajisindika katika sehemu ambayo imekwisha kujaa, na kuutanua ukuta. Wimbi litatumia karibu dakika tatu kwenda na kurudi, na muda huo wote shinikizo la penye vali laweza kuwa linaongezeka. Aliyepima pigo la kwanza tu, akadhani hatari imepita, hukosea kwa kiasi kikubwa.

Afrika ya Mashariki ina mabomba ya namna hii. Bomba la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilikamilika mwaka 1968. Bomba lililosanifiwa kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani karibu na Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kwa kuwa mafuta ya huko ni mazito yenye nta, limepangwa kupashwa moto njia nzima ili mafuta yasigande. Katika mabomba kama hayo mnato wa mafuta hubadilika na joto, na msuguano hubadilika pamoja na mnato. Hapo msuguano huamua idadi ya vituo vya pampu, na huamua pia jinsi kufunga vali moja kutakavyosikika katika vituo vingine.

VI. Msuguano wa upande wa nje

Kuna msuguano mwingine ambao maji hayaugusi kabisa, nao ni ule wa bomba na kitu linachokilalia: vitegemeo vya chuma, nguzo za saruji, au udongo. Huu hufuata kanuni nyingine. Haukui kwa sababu ya kasi. Bomba likisukumwa kidogo hung'ang'ania mahali pake, na likisukumwa kupita kiasi fulani huteleza, msuguano ukibaki karibu kiasi kile kile lakini siku zote ukipinga mwendo.

Bomba la mfano likiwa limejaa maji lina uzito wa kilo 320 hivi kwa kila mita. Likilazwa juu ya vitegemeo vya chuma, na kigawo cha msuguano kikiwa 0.3, kila mita yaweza kuzuia kani ya newtoni 950 hivi. Kwa hiyo mita 250 za bomba zatosha kuikabili kani yote ya pigo penye vali, na kilomita nzima yaweza kuzuia zaidi ya mara 200 ya ile kani ambayo maji hulibururia bomba kwa ndani. Alichunguza msuguano wa ndani kwa uangalifu mwingi, akasahau kutazama bomba limelalia nini: huyo amepima sisimizi akamwacha tembo.

Msuguano huu wa nje hubadili mwingiliano wenyewe. Pigo likiwa dogo, bomba halitoki mahali pake, na mafungamano ya kiungo hayapati nafasi ya kufanya kazi. Pigo likiwa kubwa, bomba huteleza, na katika kuteleza nguvu ya wimbi hugeuka joto. Kwa hiyo mtu hawezi kupima pigo dogo akazidisha mara kumi apate habari za pigo kubwa. Mambo yenyewe yamekwisha kuwa mengine. Mwaka 1996 A. S. Tijsseling na A. E. Vardy walitangaza uchunguzi wao wa bomba lililolala juu ya kitegemeo na kusuguana nacho, wakilinganisha hesabu na vipimo vya jambo hili hili.

VII. Neno na maana yake

Sasa yafaa kurudi kwenye neno. Kitenzi sugua kina mtendaji na mtendwa: mpishi husugua sufuria, na sufuria husuguliwa. Jina msuguano halikutoka hapo. Limetoka katika suguana, lenye kiungo -an- cha kutendana, kama vile mgongano ulivyotoka katika gongana na mvutano katika vutana. Katika neno hili hakuna anayesugua na anayesuguliwa. Pana wawili, na kila mmoja ni mtendaji na mtendwa kwa wakati mmoja.

Neno mnato ni kinyume chake. Halina -an-, na ni haki lisiwe nayo, maana mnato ni sifa ya kitu kimoja: asali ina mnato hata ikiwa peke yake katika chupa. Msuguano hauwezi kuwa wa kitu kimoja. Maji yakienda na bomba likienda nayo kwa kasi ile ile, mnato upo, msuguano haupo.

Hesabu za zamani ziliutazama msuguano kwa jicho la kusugua: ukuta umesimama, na maji yanasuguliwa. Katika milinganyo yake iliingia kasi ya maji peke yake. Nadharia ya mwingiliano ilipokuja ilibidi kasi hiyo iondolewe na mahali pake pawekwe tofauti ya kasi ya maji na kasi ya ukuta. Tena kani ile ile ikaandikwa mara mbili, katika mlinganyo wa maji na katika mlinganyo wa bomba, kwa alama zilizo kinyume. Kwa lugha ya sarufi, wahandisi walitia -an- katika hesabu yao.

Isidhaniwe kwamba wahenga waliounda neno hili walikuwa na habari za mabomba na mawimbi. Sarufi si elimu ya maumbile, na neno jema halimwondolei mtu wajibu wa kupima. Lakini mwalimu anayefundisha jambo hili kwa Kiswahili ana msaada mkononi, na ni hasara akiutupa. Akieleza kwamba msuguano ni kitu ambacho bomba huyafanyia maji, mwanafunzi ataandika mlinganyo mmoja na kuusahau wa pili. Akieleza kwamba wawili wanasuguana, mwanafunzi atauliza mwenyewe: na bomba je, linapata nini?

Msaada huo una mpaka wake. Neno moja msuguano limebeba mambo matatu ambayo hesabu haiwezi kuyachanganya, na mwandishi wa vitabu hana budi kuyatenga kwa sifa: msuguano wa mtiririko mtulivu, unaofuata kasi ya sasa, msuguano wa mtiririko geugeu, unaokumbuka kasi zilizopita, na msuguano wa nje, unaofuata uzito na kitegemeo. Mwanafunzi aliyeyapokea yote kwa jina moja bila sifa atachukua kanuni ya mmoja kumhesabia mwingine, na kosa hilo halitaonekana katika daftari lake. Litaonekana siku vali itakapojifunga upesi kuliko ilivyopasa.